Ajali Mbele ya Kamati

Ipo nchi moja, na Mungu ashukuriwe haiko karibu na kwetu, ambako jambo halijatokea mpaka kamati ilione. Usicheke. Wenyewe wamezoea. Soko lao kuu lilipoungua, wachuuzi walikwenda serikalini kuomba msaada, wakaulizwa: kamati ilikuwepo? Haikuwepo. Basi ikapangwa siku, viti vikaletwa, maji ya chupa yakagawiwa, na ule upande wa soko ulionusurika ukawashwa moto kwa utaratibu mbele ya wajumbe, ambao waliona, wakasikitika, wakaenda zao. Mwizi akikuibia kuku, unambembeleza aje tena siku ya kikao. Yuko mama mmoja aliyejifungua pacha, lakini kisheria ana mtoto mmoja tu, kwa sababu wa pili alizaliwa wajumbe wakiwa wamekwenda kunywa chai.

Utaratibu huu unaitwa Kanuni ya Macho. Watoto wanaukariri shuleni kabla ya kuhesabu, na serikali husema kwamba tangu uanze kutumika, mabaya yanayotokea nchini yamepungua sana.

Nchi hiyo inatengeneza pikipiki yake yenyewe, inaitwa Fahari. Kutengeneza kwenyewe ni hivi: makasha yanashushwa bandarini kutoka nchi ambayo ni mwiko kuitaja, yanafunguliwa, pikipiki inatolewa nzima, fundi mwenye koti jeupe anabandika stika ya bendera, na wimbo wa taifa unapigwa. Fahari ina honi yenye sauti ya tarumbeta. Ina kioo upande mmoja tu, kwa kuwa, alivyoeleza Waziri wa Mwendo, taifa linalosonga mbele halina haja ya kutazama nyuma mara kwa mara. Na ina jambo moja dogo. Ikishika mteremko, mshikio wa mafuta hunasa, na pikipiki hukimbia yenyewe mpaka ikutane na kitu.

Waziri huyo, Mheshimiwa Kipaza, alilimaliza suala hilo bungeni kwa hotuba moja. Pikipiki kukimbia yenyewe si ubovu, alisema, ni hamasa. Wabunge wakapiga meza. Tangu siku hiyo hospitali ya mji ina wodi ya majeruhi wa hamasa, na kwenye matangazo ya vifo utasikia kwamba marehemu, kijana mcheshi na kipenzi cha wengi, ameitwa kwa hamasa.

Sasa hapo ndipo alipokuwa akiishi Shomari.

Shomari alikuwa mwendesha bodaboda wa kijiwe cha Tangi la Maji, na alikuwa mwoga. Tuseme mapema msije mkamtarajia makuu. Aliogopa radi, aliogopa mbwa, aliogopa manesi, na akiona barua yenye mhuri tumbo lilimkata hata kama ni ya jirani. Aliendesha Fahari kwa sababu pikipiki nyingine haziruhusiwi. Lakini kila alipofika mteremkoni alishuka na kuikokota kwa miguu, akiwaambia watu kwamba daktari amemshauri afanye mazoezi.

Kila asubuhi alimpandisha binti yake Zawena shuleni. Nyumbani kwao ni bondeni, shule iko juu kabisa ya Mteremko wa Posta, na kupanda mlima Fahari ilikuwa salama, au tuseme ilikuwa haina nguvu za kufanya ubaya. Zawena alikuwa na miaka minane na mdomo usiofunga. Alimshika baba yake kiunoni na kumsimulia ndoto zake zote mpaka langoni.

Siku yenyewe, Shomari alikuwa ametoka tu kumshusha. Akageuza pikipiki, akaanza kuikokota kuteremka, ndipo alipotokea askari wa barabarani nyuma ya kibanda cha soda.

"We kijana! Imeharibika hiyo?"

Kusema Fahari imeharibika ni kosa la jinai. "Haijaharibika, afande."

"Mbona unaikokota kama ng'ombe wa mnada? Fahari haikokotwi. Panda."

"Afande, mimi nafanya mazo—"

"Panda!"

Akapanda. Hakufika hata kwenye duka la dawa. Mshikio ukanasa mkononi mwake, akauzungusha kurudi, haukurudi. Akakanyaga breki kwa nguvu zake zote, Fahari ikanguruma zaidi. Alipita katikati ya meza ya mama muuza nyanya, akapiga kelele za kuomba njia, kisha akaukuta ukuta wa Posta, na ukuta ndio uliomsimamisha. Mguu wa kulia ulivunjika mahali ambapo hakujua kwamba mguu unaweza kuvunjika.

Hospitalini walimfunga hogo jeupe la plasta kutoka nyonga mpaka vidole. Wenzake wodini walilia kwa maumivu. Shomari alilia kwa jambo jingine. Kila alipofumba macho aliikumbuka siti ya nyuma, na kwamba ilikuwa bado na joto la mwanawe ilipoparamia ule ukuta. Mkewe, Mwanahawa, alimshika mkono, akamwambia ashukuru. Alishukuru, na huku meno yanagongana.

Serikali haikuchelewa. Siku aliporuhusiwa hospitali, maofisa wawili walifika nyumbani kwake na kuipa pole pikipiki. Walikuwa na huzuni ya kweli. Waliichukua, wakaitengeneza bure kwa kuwa ndiyo iliyokuwa imegongeshwa, wakairudisha inang'aa na kuifunga utepe. Kisha wakamgeukia mwenye hogo na kumsomea masharti: akipona tu arudi barabarani, maana Fahari iliyosimama inazivunja moyo zinazokwenda. Na mtoto wa mwenye Fahari asionekane akitembea kwa miguu njiani kwenda shule. Hiyo ni kuichafua bidhaa.

"Kwa sasa atapelekwa na gari la wizara," ofisa mmoja alisema kwa upole. "Mpaka utakapopona, Ndugu Shomari. Tunakuombea upone haraka."

Hapo Shomari akaanza kuogopa kupona. Dossa, mwenzake wa kijiweni, alikuja kumjulia hali na machungwa kwenye mfuko, akamtajia wawili waliopatwa na hamasa kwenye tambarare kabisa, hakuna mlima wala kichuguu. Zilizotoka kutengenezwa ndizo mbaya zaidi, alisema, wamezitia vipuri vipya. Shomari aliitazama ile pikipiki yenye utepe uani na kijasho chembamba kikamtoka. Daktari alipomwambia mfupa unaunga vizuri, alimwomba autazame tena. Alijifunza kuchechemea akiwa amelala. Vidole vyake vya mguu vilipowasha ndani ya hogo, dalili ya kupona, alivionya visiwashe.

Ndipo redio ikatangaza marejesho.

Lilikuwa tangazo la saa saba mchana, baada ya matangazo ya vifo. Wizara ya Mwendo, ilisema, kwa kujali usalama wa wananchi, imegundua kasoro na inaagiza kirudishwe haraka, bila gharama yoyote, kila chenye kasoro hiyo. Mtaa mzima ulitoka nje. Watu walikumbatiana. Mama muuza nyanya aligawa nyanya. Mwanahawa alipiga vigelegele, na Shomari, kwa mara ya kwanza tangu ukuta wa Posta, alihisi pumzi inashuka mpaka tumboni.

Msomaji wa habari akakohoa, akamalizia tangazo. Kasoro hiyo imegundulika kwa waendeshaji. Waendeshaji wote wa Fahari waripoti uwanja wa mpira kesho ili wakazwe.

Walikwenda, nani angebaki? Uwanja ulijaa vijana wa bodaboda, wengine wenye bandeji, wengine wakibebwa na ndugu zao kwenye viti. Shomari alikwenda na magongo. Mheshimiwa Kipaza alisimama jukwaani, mtu mfupi mwenye sauti nene asiyehitaji kipaza sauti lakini alikuwa na viwili.

"Vijana wangu!" alinguruma. "Fahari imetoka kiwandani ikiwa kamili. Nyinyi je? Nani aliwakagua nyinyi? Wapo kati yenu waliotoka kwa mama zao na mikono myepesi, na mioyo iliyolegea, na miguu inayokanyaga breki bila sababu! Breki ni nini? Breki ni mashaka! Taifa haliwalaumu. Taifa linawarudisha, linawakaza, linawatoa upya!"

Mafundi wenye makoti meupe wakapita mstari kwa mstari na spana. Kila kijana aliguswa bega la kulia, bega la kushoto, akaambiwa amekazwa. Shomari alipofikiwa, fundi aliliangalia hogo, akasita, akaligusa nalo pia.

"Umekazwa," fundi akasema. "Hilo gamba litolewe wiki hii. Wiki ijayo uwe barabarani na familia yako."

Wiki ijayo. Na familia yako. Hofu iliyomshika Shomari wakati ule ilikuwa kubwa kuliko zote alizowahi kuzijua, kubwa hata ikazizidi hofu zake nyingine zilizokuwa zikimfumba mdomo. Akasikia mtu anasema kwa sauti nyembamba, "Mheshimiwa, na ule mshikio wa mafuta unaonasa?" Akageuka kumtazama mwendawazimu huyo, akaona watu wote wanamtazama yeye.

Waziri alitabasamu. Wale waliomjua walisema lile tabasamu lake ndilo la kuogopwa, si ngurumo.

"Unaonasa?" aliuliza kwa upole. "Nani ameuona ukinasa?"

"Mi... mimi, Mheshimiwa."

"Wewe ni kamati?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Basi bado haujanasa, mwanangu. Lakini sisi si watu wa kuziba masikio. Tutakuwekea kikao."

Wakili Mfaume alikuwa na ofisi juu ya duka la vitenge na alisifika kwa kesi za majeruhi. Alipomwona Shomari mlangoni na magongo yake, kwanza alifunga dirisha, kisha akawasha redio, akaiongeza sauti mpaka kikombe kikatetemeka mezani.

"Kaa, ndugu yangu. Ongea karibu na sikio langu. Unataka nini?"

"Nataka mtoto wangu asipande ile pikipiki."

"Hilo sheria hailijui. Sheria inajua mambo haya." Wakili akamsogelea. "Unaweza kuiomba radhi. Unasimama mbele ya Fahari na mashahidi, unasema umekosa, inanyamaza, ndiyo imekusamehe. Mambo yanaisha."

"Halafu?"

"Halafu kesho yake unampakia mtoto."

Shomari akatikisa kichwa.

"Unaweza kushtaki. Lakini ujue Fahari ina haki zake, inapewa wakili, inaweza kukushtaki wewe kwa kuigongesha ukutani. Yupo mteja wangu alishinda, lazima nikuambie ukweli. Wakati huo alikuwa ameshafariki. Mahakama ikaamuru aje mwenyewe kuchukua haki yake, na mpaka sasa inamsubiri."

"Na hiki kikao alichosema Waziri?"

Wakili akatazama mlango. "Hicho ndicho cha hatari, na ndicho umekwisha kukiomba, maana swali kwa Waziri ni malalamiko. Kanuni ya Macho, ndugu yangu. Utaendesha tena, palepale, vilevile, mbele ya kamati. Mshikio ukinasa mbele yao, basi umenasa. Itabidi Fahari zote zirudishwe, nchi nzima. Sheria ni sheria, hata Kipaza hawezi kupinga macho ya kamati. Usiponasa, ni kifungo. Kuikashifu bidhaa ya taifa. Utakaa ndani mpaka huyo binti yako aolewe."

Shomari akayalaza magongo yake sakafuni.

"Kwa hiyo, mzee wangu, niombe unase au niombe usinase?"

Wakili Mfaume aliongeza sauti ya redio.

Maandalizi ya ajali yalifanywa kwa ufanisi ambao nchi hiyo haikuwahi kuuonyesha kwenye jambo lolote. Mafundi waliujenga upya ukuta wa Posta na kuupaka rangi ya zamani, wakaichakaza kidogo ili ifanane. Waliokuwepo siku ile waliitwa mmoja mmoja, wakakumbushwa mahali pa kusimama na wakati wa kupiga mayowe. Yule askari alifanya mazoezi ya kusema "Panda!" Mama muuza nyanya alipewa nyanya mpya za serikali na kuagizwa asizipange vizuri kuliko zile za kwanza. Aliuliza kama angeweza kukaa pembeni zaidi safari hii. Akaambiwa hapana, nyanya zake zilipondwa akiwa palepale.

Hogo likakatwa. Siku ya ajali hakuwa nalo, mratibu wa kikao alieleza, na mguu ambao tayari umevunjika hauwezi kuvunjika kwa haki. Shomari aliutazama mguu wake mwembamba, uliopauka, unatoka nje kama kitu cha mtu mwingine. Ulikuwa umepona. Hakuwa na pa kujificha tena.

Jioni ya kuamkia kikao Mwanahawa alimwekea chai, akamwona anashindwa kukiinua kikombe bila kumwaga. Akakishika kwa mikono miwili, akamnywesha.

"Baba Zawena, usiende."

"Nisipokwenda watakuja."

"Tukimbilie kwa dada yangu."

"Kwa pikipiki gani?" alijaribu kutania, sauti ikamkatika. "Sikiliza, mama. Ukinasa, wanazirudisha zote. Mtoto anakwenda shule kwa miguu yake. Sitaki kingine. Mimi naweza kuuvumilia ukuta, ukuta nimeshauzoea."

Alisema uongo. Alikuwa anauogopa ule ukuta, na Mwanahawa alijua, na hakumwambia kwamba anajua.

Siku ya kikao bendera zilipepea kuanzia juu mpaka bondeni. Kamati ilikaa chini ya mahema karibu na Posta, nyuma ya magunia ya mchanga, na sambusa zilipita kwenye sinia. Vijana wa kijiwe cha Tangi la Maji walipangwa kandokando ya barabara na Fahari zao, ili, alivyosema Waziri, waone jinsi mwenzao atakavyoaibika salama. Shomari alisimamishwa kwanza mbele ya wajumbe kusikiliza hotuba.

"Leo," Mheshimiwa Kipaza alinguruma, "tumekuja kwa moyo mweupe kabisa kuishuhudia ajali hii isitokee! Na kama itatokea, tumejipanga itokee kwa amani na utulivu! Nchi ngapi duniani zinampa raia wa chini nafasi ya pili ya kugonga ukuta?"

Makofi. Shomari alikuwa anahesabu pumzi zake. Alikuwa amekubali kabisa moyoni. Angepanda juu peke yake, angeshuka, lingekuwa lolote. Hofu ilikuwepo, lakini ilikuwa yake mwenyewe na alikuwa ameanza kujua jinsi ya kuibeba.

Mwenyekiti wa Kamati, Bi. Tamima, mama mpole wa miwani, akanyoosha kidole. "Samahani, Mheshimiwa. Nasoma hapa kwamba safari ile ilianza kwa kumshusha mtoto. Kushushwa kwa mtoto ni sehemu ya tukio?"

"Ni sehemu," mratibu akajibu.

"Alishushwa wapi?"

"Lango la shule, juu kule."

Bi. Tamima akanyanyua miwani, akatazama mlimani. "Kutoka hapa lango halionekani. Iko kona. Sisi wajumbe hatuwezi kushuhudia kushushwa ambako hatukuoni." Akafikiri kidogo, kwa nia njema kabisa. "Basi mtoto ashushwe hapa mbele yetu. Aje naye mpaka chini, amshushe, sisi tuone. Ndiyo tutajua kweli alimshusha."

Wajumbe wakaitikia kwa vichwa. Mmoja aliomba maji. Hakuna aliyekuwa na ubaya wowote na mtoto. Walitaka tu kuona.

Shomari alisikia maneno yale yakimfikia polepole. Aje naye mpaka chini. Akatazama pembeni, akamwona Zawena analetwa na mama mmoja wa itifaki, kavaa sare iliyopigwa pasi, begi mgongoni, anacheka kwa jinsi watu walivyo wengi. Mwanahawa alikuwa nyuma ya kamba, ameshikiliwa na askari, mdomo wazi na sauti haitoki.

Walipandishwa juu kwa gari la wizara, baba, mtoto na pikipiki. Waziri alipanda nao ili aanzishe mwenyewe. Fahari ikasimamishwa penye kona, chini kidogo ya lango, ikielekea bondeni. Chini kabisa mahema yalionekana madogo, na ukuta ukionekana mweupe.

Zawena aliruka kwenye siti ya nyuma kama alivyoruka kila asubuhi. Mikono yake midogo ikamzunguka baba yake kiunoni.

"Baba, nikuambie ndoto ya jana?"

Shomari alikuwa anapima njia zake. Akimwambia Waziri hapana, wangemweka ndani na kumpa mwendeshaji mwingine mtoto, tukio likamilike. Akishuka akakimbia, na mguu ule angefika wapi? Akiutupa ufunguo, askari walikuwa kila upande, wangeuokota kabla haujaacha kulia. Alikuwa ameushika mkononi, ufunguo mwembamba wa bati usio na hata mnyororo, umelowa jasho.

"Tia ufunguo!" alinguruma Waziri. "Washa! Taifa linatazama!"

"Niliota tunaruka, baba," alisema Zawena.

Shomari akatia ufunguo mdomoni.

Haukupita kirahisi. Ulikwama kooni, macho yakamtoka, akapiga kifua chake kwa ngumi, machozi yakamtiririka, Zawena akadhani anacheka na yeye akacheka. Waziri alikuwa wa kwanza kuelewa. Alimrukia, akamtia vidole mdomoni, Shomari akamng'ata bila kukusudia, na wakati huo huo ufunguo ukashuka. Aliusikia ukishuka, baridi, mpaka chini.

"Shuka, mwanangu," alimwambia Zawena kwa sauti iliyopasuka. "Leo haiendi."

Kilichofuata kilikuwa ghasia. Waziri aliamuru uletwe ufunguo wa akiba. Mafundi wakatazamana. Fundi mkuu akamnong'oneza kwamba funguo za akiba zote ziko kiwandani. "Si zifuatwe kiwandani!" Fundi akazidi kuinama, akasema ni kiwanda kile, Mheshimiwa, kule tulikosema hazitoki. Waziri akafumba mdomo. Kuagiza ufunguo kungekuwa kutaja nchi isiyotajwa. Akauliza kama pikipiki nyingine isingefaa. Bi. Tamima, aliyepandishwa kuja kuona kuna nini, alisema kwa masikitiko kwamba tukio ni la pikipiki hii, na kamati haiwezi kuona kitu badala ya kitu. Kikao kikaahirishwa mpaka ufunguo utoke.

Shomari aliwekwa kwenye chumba cha wageni cha wizara, chini ya ulinzi, pamoja na ndoo. Maofisa walimlisha mapapai, maharage na uji wa ulezi. Mjumbe mmoja wa kamati alikaa kwenye kiti mkabala na ndoo kwa zamu, kwa kuwa kutoka kwa ufunguo nako ni jambo la kuonwa. Waziri alipita mara kwa mara, kidole kimefungwa bandeji.

"Bado?"

"Bado, Mheshimiwa."

"Ukitoka, utapanda naye. Unajua hilo."

"Najua, Mheshimiwa."

Alijua. Hofu ilikuwa haijaondoka. Ilikaa naye chumbani mchana kutwa, na kila tumbo liliponguruma alijikunja, akabana kila alichoweza kubana, jasho likimtoka. Hakuwa na mpango. Hata mtu mwoga kiasi gani hawezi kubana milele. Aliomba Mungu amfunge tumbo, kisha akaona haya kwa ombi lile, kisha akaliomba tena.

Mwanahawa aliruhusiwa kumletea shuka. Mjumbe kwenye kiti alikuwa anasinzia. Mwanahawa akainama kumfunika miguu, akamwekea mdomo sikioni.

"Kijiwe kitupu leo."

Moyo ukamruka Shomari. "Wamekamatwa?"

"Hapana. Wako majumbani. Wanaumwa matumbo."

"Nani?"

"Dossa ndiye alianza, jana palepale njiani, watu hawajatawanyika. Leo wote. Kijiwe cha sokoni nacho wanaumwa. Cha hospitali wanaumwa. Pikipiki zimejaa uani, hazina funguo."

Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa aliogopa upya, aliwaogopea wote, Dossa na wake zao na watoto wao, maana aliijua serikali yake. Akamshika mkewe mkono kwa nguvu mpaka akamuumiza.

"Na Zawena?"

"Kaenda shule na wenziwe. Kwa miguu. Njia imejaa watoto mpaka juu, askari hawajui wamkamate yupi." Mwanahawa alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Kachelewa, mwalimu kamchapa."

Mlango ukafunguliwa. Mjumbe akazinduka na kuitazama ndoo haraka. Mheshimiwa Kipaza aliingia bila kunguruma. Alisimama katikati ya chumba, ameinamisha kichwa upande wa dirisha, akisikiliza barabara ambayo siku zote ilikuwa na kelele za honi zake za tarumbeta. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Ndugu Shomari," alisema, na sauti yake ilikuwa nyembamba kabisa. "Bado?"

Shomari alilishika tumbo kwa mikono yote miwili.

"Bado, Mheshimiwa."